Mia na Tano

Goti la kushoto lilianza kunung'unika mwezi wa Machi,
likipanda ngazi za benki, likishuka ngazi za benki,
hadi siku moja kwenye mteremko wa Milimani likanena waziwazi:
mama, tafuta mguu wa tatu.

Nyumbani ipo fimbo ya baba, ya mzeituni wa msituni,
nyeusi kwa jasho lake, nzito kama kesi ya shamba.
Ilikatwa kwa kimo chake. Nikiishika mimi
bega linapanda hadi sikioni,
kama mtoto anayening'inia kitasani.
Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka.
Na ya karibu, isipokuwa ya kimo chako,
haiui hata uchovu.

Nikashuka mjini. Duka la kwanza, Barabara ya Kenyatta,
kijana akaniletea gongo la hospitali, la kijivu,
lenye sponji ya kwapani. Nikamwambia, mwanangu,
sijavunjika. Nimechakaa tu kidogo,
na Jumamosi nakwenda Menengai.

Ombati wa viatu vya mitumba ndiye aliyekuwa nazo:
tatu, ndani ya marobota ya mabuti ya milimani.
Mtu wa nchi ya theluji alizichoka, au alikufa.
Alumini. Vipande vitatu, kimoja ndani ya kingine,
kama wapangaji wa ploti moja.
Ya kwanza hufungwa kwa kusokotwa: nikaiegemea,
ikazama polepole, kama ahadi ya diwani.
Ya pili, kipini cha plastiki; kiganja kikitoka jasho kinateleza.
Ya tatu ina vibano viwili, ukivifunga vinalia ta!
na kipini chake laini kama kizibo cha chupa.

Nikaipeleka kwa Wangechi wa viazi, nikaomba mizani.
Huku fimbo, huku robo ya sukari:
sukari ikashuka. Wangechi akacheka mpaka akakaa.
"Hii itakubeba, au utaibeba wewe?"

Ombati alinipima kama fundi wa nguo:
simama wima, kunja kiwiko kama kona ya meza,
soma namba. Mia na tano.
Miaka thelathini na mmoja nilipima maua ya pareto kiwandani,
kilo za watu, vumbi la watu puani mwangu,
na hakuna aliyewahi kunipima mimi
ila daktari, na mshonaji wa sare za kwaya.

Chini ina mpira, kwa vigae vya kanisa;
ukiuvua, kuna jino la chuma, kwa mawe.
Jina ndilo lilinishinda. Mkongojo? Bado.
Bakora ni ya wenye heshima zao.
Kiboko nilikijua shuleni, hatusalimiani.
Nikasema tu: nipe ile.

Jumamosi tukapanda. Niliifupisha, mia kamili,
na mlima ukanijia taratibu, kama mgeni mwenye adabu.
Ukingoni upepo ulitupiga makofi; chini kule shimo
lilifuka mvuke, sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Kushuka nikairefusha, mia na kumi,
jino likauma jiwe kabla goti halijauma mimi.

Nusu ya njia Wangechi akakaa chini, akavua kiatu.
Yeye aliyecheka. Hakusema kitu, nami sikusema.
Nikafungua vibano, nikavuta, maana yeye ni mrefu:
mia na ishirini. Ta. Ta.
Nikashuka nyuma yake, nimeshika bega lake.

Imerudi Jumanne, imeviringishwa gazeti,
na viazi vitano juu, wala si vidogo.
Bado iko mia na ishirini.
Nimeisimamisha mlangoni kando ya ile ya baba:
zinalingana kimo.
Sikujua alikuwa mia na ishirini.
Kesho nikienda kuchukua dawa nitaishusha.